Maji ya Kunde Hayamo Kwenye Jedwali

Mwezi uliopita mwanangu mwenye miaka 16 alikataa kanzu. Tulikuwa tunajiandaa kwa safari ya Muscat, kwenye harusi ya binamu yake, na mama yake alikuwa amemshonesha kanzu ya rangi ya haradali iliyokoza, pamoja na kofia ya viua yenye uzi wa rangi hiyohiyo. Kijana aliishika kama anayeshika kitu cha mtu mwingine, akasema, "Baba, hii si ya watu wa rangi yetu." Nilipomuuliza nani kamwambia, alinionyesha simu. Programu moja ilikuwa imempiga picha ya uso, ikampangia "msimu" wake, ikampa orodha ya rangi za kuvaa na orodha ya rangi za kuepuka. Haradali ilikuwa kwenye orodha ya pili. Nikampigia dada yangu aliyeko Unguja ili atusaidie kumshawishi. Dada aliitazama kanzu, akamtazama mtoto wa kaka yake, akatoa hukumu: "Mtafutieni nyeupe. Nyeupe itamtakatisha."

Hivyo simu na shangazi wakakubaliana, ingawa kwa hoja mbili tofauti. Simu, iliyofundishwa na watu wasiomjua, ilimwambia kwamba yeye ni mtu wa majira ya baridi. Shangazi, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, alimwambia kwamba ngozi yake inahitaji kutakatishwa. Makala haya nayaandika kuwapinga wote wawili, na sitamwonea haya dada yangu kwa kuwa ni dada yangu.

Dai langu ni hili. Elimu ya kuchagua rangi ya nguo inayompendeza mwanamume ni elimu ya kweli, ina kanuni, na inaweza kufundishwa. Lakini jedwali tulilolipokea kutoka Magharibi halikutuangalia lilipochorwa, na lugha tunayoijibia nyumbani imejengwa juu ya ngazi ambayo kileleni mwake kuna weupe. Anayetaka kumvika mwanawe bila kumdhalilisha hana budi kuviacha vyote viwili.

Naanza kwa kukubali kile ambacho wasomi wenzangu hupenda kukikana. Kuna rangi zinazokaa vizuri na uso wa mtu kuliko nyingine, na jambo hili si la ladha peke yake. Mwaka 1839 mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zinapowekwa pamoja. Chanzo cha utafiti wake kilikuwa malalamiko: nyuzi nyeusi za kiwanda zilidaiwa kuwa hafifu. Alipochunguza alikuta kwamba weusi wa nyuzi haukuwa na kasoro yoyote. Kilichoufanya uonekane hafifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Jicho haliioni rangi peke yake, huiona pamoja na jirani yake. Na hakuna majirani wa karibu zaidi kuliko uso wa mwanamume na kola ya nguo yake. Fundi cherehani wa Darajani analijua hilo bila ya kumsoma Chevreul. Ndiyo maana hukutandikia kitambaa begani kabla hujataja bei.

Mambo yaliharibika elimu hii ilipofungwa kwenye vikapu na kuuzwa. Johannes Itten, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus kuanzia 1919 hadi 1923, aliona kwamba wanafunzi huelekea kuchagua rangi zinazofanana na maumbile yao, na aliyaeleza hayo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1961. Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu kiitwacho Color Me Beautiful, kilichouzwa kwa mamilioni, na mwaka 1984 akakifuatisha na cha wanaume, Color for Men. Mfumo wake ni mwepesi. Kila ngozi, unasema, ina rangi ya chini, ama yenye ubaridi wa bluu ama yenye joto la dhahabu. Ukiongeza rangi ya nywele na ya macho unapata kikapu chako kati ya vinne: majira ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika majani, au ya baridi. Wazungu waligawanywa kwa makini katika vikapu vyote vinne, kwa nywele za dhahabu na nyekundu, kwa macho ya kijani na ya samawati. Watu weusi walio wengi, pamoja na Waasia walio wengi, walitiwa kikapu kimoja, cha baridi.

Mifumo iliyofuata imeongeza vikapu hadi 12, mingine hadi 16, na washauri waaminifu wamejaribu kurekebisha. Hata hivyo mazoea ya mwanzo yangali hai, na mimi niliyaonja kabla simu hazijajifunza kutupanga. Nilipokuwa namalizia shahada ya uzamivu hapa Uingereza, watahiniwa tulialikwa kwenye warsha ya maandalizi ya usaili wa kazi. Mama mmoja mpole alikuja na vitambaa vingi vya rangi, akawa anamketisha kila mtu karibu na dirisha na kumtandikia kimoja baada ya kingine kifuani. Kwa wenzetu Wazungu alitumia robo saa kila mmoja, akilinganisha zambarau mbili zilizotofautiana kidogo mno. Waafrika tulikuwa watatu: Mhausa mweusi tii ambaye ngozi yake juani ilitoa mng'ao wa nili, Mhabeshi mwenye wekundu wa shaba, na mimi wa maji ya kunde. Sote watatu tulimalizwa kwa dakika zisizofika tano. Baridi, Baridi, Baridi. Tulipewa kadi ileile, yenye nyeusi, nyeupe safi, bluu ya kifalme na nyekundu kali. Nilinunua suti nyeusi na shati jeupe kwa pesa za kukopa, nikaenda kwenye usaili nikiwa nimevaa msimu ambao kwetu haupo.

Nasema haupo kwa maana halisi. Pwani yetu ina kaskazi na kusi, ina masika na vuli, ina kipupwe na demani. Ni majira ya pepo na mvua, na hakuna hata moja ambamo miti yote hubaki mifupa mitupu chini ya theluji. Lakini si jina la msimu linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni hesabu. Mwaka 2000 mwanaanthropolojia John Relethford alionyesha kwamba tofauti za rangi ya ngozi ya binadamu ni kubwa zaidi miongoni mwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwengine kote duniani. Mwaka 2017 kundi la watafiti waliokuwa na Sarah Tishkoff lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima ngozi za watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, na wigo waliouona ulianzia kwenye weusi uliokoza kabisa hadi kwenye ngozi nyeupe kiasi cha kulingana na za baadhi ya watu wa Asia ya Mashariki. Kwa hiyo jedwali liliwapa vikapu vinne watu ambao ngozi zao hazitofautiani sana, na kikapu kimoja wale wanaotofautiana kuliko watu wote. Huo hauwezi kuitwa upungufu mdogo wa kurekebishwa kwa toleo jipya. Anayeshindwa kuona tofauti pale ilipo kubwa zaidi ana kasoro ya macho, na mwenye kasoro ya macho hafai kuwa mshauri wa rangi.

Wala si jedwali hili peke yake. Mwaka 1975 daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick alipanga aina za ngozi kwa kuangalia namna zinavyoungua juani. Aina za kwanza zilikuwa nne, zote za ngozi nyeupe. Ya tano na ya sita ziliongezwa baadaye kwa ajili ya sisi wengine. Katika maabara za kusafisha picha, kwa miongo kadhaa rangi zilisawazishwa kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Mita ya kamera nayo hukisia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kanzu nyeupe ikijaza fremu, mita hupunguza mwanga, na uso mweusi huzama. Wangapi miongoni mwetu tuna albamu za harusi ambamo bwana harusi ni kanzu, meno na kiwingu? Kisha mpiga picha hushauri kwamba mtu mweusi asivae nyeupe, kana kwamba kosa la mita ni kosa la uso. Simu ya mwanangu ni mjukuu wa kamera hiyo. Hurekebisha mwanga wenyewe kwa namna isiyomweleza mtumiaji, kisha humhukumu mtu kwa rangi iliyokwisha kuibadilisha.

Nageukia sasa nyumbani, ambako hoja yangu haitapokewa kwa furaha. Tunapotaka kumsifu mtu aliyerudi likizo tunamwambia "umetakata." Maana yake ngozi yake imekuwa nyororo, afya yake imerejea, na mara nyingi, tusidanganyane, rangi yake imepungua weusi. Kinyume cha kutakata ni kuwa na taka. Tumeichukua kauli ya kufulia nguo tukaitumia kwa ngozi ya binadamu, na tukaiita sifa. Kauli hii haina umbali mkubwa na kopo la mkorogo. Yule anayejichubua kwa krimu zenye zebaki anafanya kwa kemikali lile ambalo shangazi anataka kulifanya kwa kitambaa. Mmoja huharibu figo, mwengine haharibu kitu kinachopimika hospitalini, lakini mtoto anayewasikiliza hujifunza somo moja. Hujifunza kwamba ngozi yake ni tatizo, na nguo ni dawa. Wanaume hatujaepukana na hilo. Mara ngapi tumesikia kwamba mweusi asivae njano, asivae kijani kibichi, asivae waridi, "asije akaonekana"? Hofu ni ya kuonekana. Nyuzi nyeusi za Chevreul zililaumiwa kwa kosa la jirani zao, na wana wetu wanalaumiwa vivyo hivyo.

Hofu ya kuonekana, kwa mwanamume, ina historia ndefu kuliko simu. Katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu saikolojia ya mavazi, J. C. Flügel aliandika juu ya namna wanaume wa Ulaya, kuelekea mwisho wa karne ya 18, walivyojinyima rangi na mapambo na kuwaachia wanawake. Kabla ya hapo mabwana wa huko walivaa hariri za waridi na samawati bila ya kuona aibu. Kijivu cha ofisini, basi, si maumbile ya uanaume. Ni uamuzi wa tabaka fulani katika zama fulani, na kwetu ulifika pamoja na utawala wa kikoloni. Ulifika pia na kaki. Neno hilo lina asili ya Kiajemi na Kiurdu, na maana yake ni rangi ya vumbi. Jeshi la Waingereza huko India liliichukua rangi hiyo ili askari asionekane mavumbini. Baadaye walivishwa kaki maaskari wetu, matarishi wetu na watoto wa shule. Lakini kwa ngozi nyingi za maji ya kunde kaki hufanya kazi yake vizuri mno. Inakaribiana na ngozi kiasi kwamba shingo na kola hushikana, na mtu hupotea ndani ya nguo yake. Rangi iliyobuniwa ili mtu asionekane ndiyo tuliyoizoea kuiita rangi ya heshima.

Watasema wengine kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha wa rangi, kwa hiyo tutazungumzaje habari hizi bila ya jedwali la wenyewe? Ni kweli kwamba mizizi yetu inayopokea viambishi ni mitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Lakini tazama lugha ilivyofanya baada ya hapo. Ilikwenda shambani, jikoni na baharini ikachukua vitu vyenyewe: kijani kutoka jani, manjano kutoka bizari, kahawia kutoka kahawa, kijivu kutoka jivu, zambarau kutoka tunda lake. Kuna damu ya mzee, kuna ugoro, kuna nili, kuna samawati. Na kwa ngozi ya mtu kuna maji ya kunde, jina ambalo silioni katika kikapu chochote cha Marekani. Aliyelibuni alikuwa amekaa jikoni akatazama. Maji ya kunde yana kahawia, yana wekundu kwa chini, na hubadilika kwa kadiri ya chungu na moto. Jina hilo halina tusi wala ngazi ndani yake. Ni mtazamo mtupu, na ndio mwanzo wa elimu ninayoidai.

Lugha hiyohiyo ina kitenzi kingine kinachonisaidia. Hatusemi tu kwamba nguo inapendeza, tunasema nguo imemkubali mtu. Katika kauli hiyo mtu hasafishwi wala hafichwi. Anasimama alivyo, na nguo ndiyo inayofanyiwa mtihani. Nikiulizwa nini cha kuweka mahali pa jedwali, ningejibu kwamba tufanye mtihani huo ipasavyo.

Kwanza, tuufanye kwenye mwanga tutakaoishi nao. Jua la utosini la Dar es Salaam hufifisha rangi za kupauka, na rangi iliyokoza ndiyo inayolimudu. Chini ya mawingu ya Leicester kitambaa hicho hicho huonekana kinapiga kelele. Nguo ya Muscat haichaguliwi chini ya taa za duka la Uingereza. Pili, tutazame uso na tuache kutazama kitambaa. Kitambaa kikiwekwa chini ya kidevu, je, macho yanang'aa, au vivuli vilivyo chini yake vinaongezeka? Midomo inabaki na rangi yake, au inageuka majivu? Anayeingia mlangoni kwanza ni mtu au ni shati? Tatu, tupime umbali kati ya ngozi na nguo. Mweusi tii akivaa nyeupe safi anapata mpambano mkali kuliko yote. Huo ni utukufu wa siku ya Idi, lakini si lazima uwe sare ya kila siku. Rangi ya maziwa au ya pembe ya ndovu humpa utulivu, na nili, zambarau au haradali iliyokoza humpa joto. Wa maji ya kunde na ajihadhari na kila kinachofanana naye mno, yaani kaki na hudhurungi iliyopauka, lakini damu ya mzee na kijani cha chupa aghalabu vitamkubali. Mwenye wekundu wa shaba ajaribu samawati, aone ngozi yake inavyoamka. Haya nayatoa kama mahali pa kuanzia. Atakayeyachonga mawe ya sheria atakuwa ametengeneza jedwali jingine. Na nne, turudie mtihani, kwa kuwa mtu hubadilika. Tangu mvi ziniingie ndevuni, kijivu nilichokichukia miaka 20 kimeanza kunikubali.

Najua pingamizi linalonisubiri kwa wasomaji wa jarida hili. Msomi mwenye shahada ya uzamivu anajadili kola za mashati ilhali lugha inapoteza wasemaji ughaibuni! Na mwanamume wa Kiswahili, wataongeza, tangu lini akahangaikia rangi? Nitajibu la pili kwanza. Tangu zamani. Kikoi kina mistari yake na watu huichagua. Kofia ya viua na kumma ya Oman, ambazo ni ndugu, zina uzi uliochaguliwa kwa makini, na kijana wa Muscat analinganisha kilemba chake na dishdasha bila ya kuomba radhi. Huko Brazzaville na Kinshasa wanaume wa La Sape huvaa suti za waridi na za manjano juu ya ngozi nyeusi, na kanuni yao mashuhuri inahusu nidhamu: rangi zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Ngozi haimo katika makatazo yao. Mandela alipokuwa rais aliingia kwenye kumbi za dunia na mashati yenye michoro na rangi, na sijamsikia mtu akisema alipungukiwa na heshima.

Kuhusu pingamizi la kwanza, ninawauliza wenzangu: tunalinda lugha kwa ajili ya nini ikiwa neno la sifa ndani yake linamfundisha mtoto kuona taka juu ya mkono wake mwenyewe? Siku ile ya kanzu, baada ya simu ya shangazi kukatika, mwanangu aliuweka mkono wake kando ya wangu mezani, akaitazama mikono yote miwili kwa muda. Kisha akauliza, "Kwani mimi ni mweusi kuliko wewe?" Hakuuliza kwa huzuni. Aliuliza kama mtu anayeuliza alama zake za mtihani. Nimesahihisha tasnifu nyingi nikiwa mwalimu, lakini sikuwa na jibu lililo tayari, kwa sababu ndani ya swali lile alikwisha kuikubali ngazi. Alichotaka kukijua ni kidaraja chake tu.

Tulisimama dirishani asubuhi iliyofuata, yeye na mimi na kanzu ya haradali. Nilimwambia aitazame sura yake, asiitazame kanzu, na asiitazame simu. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mimi niliona wazi kwamba imemkubali, lakini sikusema, maana mtihani ulikuwa wake. Alisema, "Sijui bado, Baba." Mabegi yamefungwa, na kanzu zote mbili zimo.

Shangazi yake atakuwepo harusini. Nimemwomba jambo moja, na ninawaomba nyinyi pia mnaopokea wageni kwenye viwanja vya ndege vya Heathrow, Muscat na Dulles. Mkimwona kijana wetu ameshuka akiwa na afya na furaha, mwambieni amependeza, mwambieni amekua, mwambieni nguo imemkubali. Msimwambie ametakata. Hakuwa na taka.